Mama Bokoboko: kisa cha utani uliokosa njia ya kurudi

Kisa hiki ni cha nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, Tabata, Dar es Salaam. Nilikaa kwake kuanzia Oktoba 2023 hadi mwishoni mwa Januari, nilipokuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi baada ya miaka 31 mkoani Tabora. Nimeamua kukiandika kwa sababu watu wakishajua nilikuwa mwalimu huniuliza kama ni sawa mzazi kutaniana na watoto wake, na jibu ninalowapa njiani huwa fupi mno kwa jambo zito kama hili. Mdogo wangu, mkewe na binti yao wamekisoma kabla sijakitoa. Majina nimeyaacha, isipokuwa lile la utani ambalo ndilo kisa chenyewe. Binti mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuliandika.

Nyumba yenyewe

Baba ana miaka 43, Mnyamwezi kama mimi, dereva wa lori. Wifi yangu ni Mzaramo, muuguzi. Anayejua utani wa makabila haya mawili ameshasikia kelele za nyumba hiyo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kupita nchi ya Wazaramo kwenda Bagamoyo. Basi wifi humwita mumewe "mpagazi". Akichoka kumbeba mtoto humwambia, "Mpagazi, mzigo wako huu, tia begani." Naye hujibu kwamba alitoa mahari apate mke, akaletewa mcheza ngoma. Watoto wamelelewa ndani ya maneno hayo na wanayajua yote.

Watoto ni watatu: binti wa miaka 12, wakati ule darasa la sita, kijana wa miaka 8, na mdogo aliyekuwa na miezi kumi. Bibi yao mzaa mama anaishi Kisarawe na haipiti wiki mbili hajaja. Kijana ni "mume wangu" kwake, binti ni "mke mwenzangu". Siku ya kwanza nilimsikia bibi akilalamika kwamba mke mwenza kamwibia mume, na binti akamjibu bila kusita, "Mwenzangu, tatizo si mimi, ni meno uliyoyaacha Kisarawe." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Naomba msomaji akumbuke jibu hilo, maana linaonyesha kwamba mtoto huyu hakukosa utani wala hakukosa moyo wa kutaniwa.

Jambo moja zaidi kuhusu binti. Amepewa jina la mama yetu, marehemu. Kwa hiyo tangu siku ya kuzaliwa baba yake humwita "mama". Akirudi safari husema getini, "Mama yangu yuko wapi?" na binti huitika "Abee" akiwa ameshafika.

Wali wa Septemba

Wifi alipomaliza likizo ya uzazi na kurudi kwenye zamu za usiku, binti alianza kupika chakula cha jioni. Hakuna aliyemlazimisha, lakini hakukuwa na mwingine. Jioni moja ya Septemba alipika wali wa nazi, akatia tui lote kwa mpigo na kukoroga kama anayepika uji. Wali ukatoka mashendea. Baba alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Leo mama ametupikia bokoboko," yaani kile chakula cha ngano na nyama kinachopondwa mpaka kiwe laini kama uji mzito. Wote walicheka, na wifi anasema binti ndiye aliyecheka kuliko wote.

Utani wa jioni ile sina neno nao. Ulikuwa wa papo hapo, ulihusu sufuria na si mtu, na aliyetaniwa alikuwa na kicheko chake humo ndani. Shida ilianza kesho yake, sufuria ilipokwisha kuoshwa na neno likabaki. Binti akawa "Mama Bokoboko". Akaitwa hivyo asubuhi akichelewa kuvaa, akaitwa hivyo wageni wakija, akaitwa hivyo hata siku alizopika wali ukachambuka punje kwa punje.

Jioni ya tano kwa moja

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Mdogo wangu ni Simba wa kufa, mkewe na binti ni Yanga. Sebuleni walikuwepo majirani wawili na baba mdogo mmoja, televisheni imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Mpaka bao la tano linaingia, mdogo wangu alikuwa hasemi tena. Jirani wa Yanga alikuwa amesimama anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kila kidole kwa mapozi.

Wakati huo binti akaingia na sinia. Mdogo wangu alihitaji kicheko kihame kutoka kwake, na kilichokuwa karibu kuliko vyote kilikuwa jina lile. Akasema, huku amewatazama wageni, "Karibuni bokoboko, Mama Bokoboko ameshapakua."

Wageni wakacheka. Binti aliweka sinia chini taratibu, akanyooka, akasema, "Baba, bokoboko langu ni sahani moja. La Simba leo sahani tano."

Nyumba ililipuka. Jirani wa Yanga alishika ukuta. Nimefundisha miaka 31 na sikumbuki kama nimewahi kumsikia mtoto wa umri ule akijibu kwa kipimo kile. Hakumtukana baba yake, hakumgusa mwili wala kazi wala kipato. Alichukua neno lile lile alilorushiwa akalirudisha kwenye mpira, mahali ambapo kila mtu mle ndani alikuwa tayari anatania.

Mdogo wangu hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Unazungumza na nani? Hebu ingia ndani." Kicheko kikakatika. Binti aliingia chumbani na usiku ule hakula.

Baba mdogo, akinawa mikono, alisema, "Ukicheka na nyani utavuna mabua." Nitalirudia neno lake.

Kwenye ungo

Siku zilizofuata binti hakuonyesha utovu wa adabu hata kidogo. Shikamoo ilitolewa, "abee baba" iliitikiwa, chakula kilipikwa na kuletwa kwa wakati. Heshima yote ilikuwepo, na ndiyo iliyonitisha. Bibi alikuja kutoka Kisarawe na kudai mume wake, na binti akatabasamu kwa mdomo tu. Mtu mwingine angesema ametulia.

Kwetu msichana ana shangazi kwa ajili ya siku kama hizo, lakini shangazi naye lazima ajue kusubiri. Nilisubiri siku nne. Sikumwita tukae, maana ukimwita mtoto "njoo nikuulize kitu" ameshajiandaa kukujibu "hakuna". Nilichukua mchele na ungo nikakaa karibu naye uani, tukaanza kuchambua. Tulikuwa tumetoa mawe na chuya kwa muda mrefu bila maneno ndipo akaanza.

Kwanza akasema kwamba mdogo wake amemwita Mama Bokoboko shuleni, kwenye foleni ya uji, mbele ya wasichana wa darasa lake, na sasa nao wanamwita hivyo. Kijana wa miaka 8 hakufanya hivyo kwa ubaya. Alilisikia nyumbani, kwa baba, kila mtu akicheka, akajua ni jina zuri la kutembea nalo. Nadhani wazazi tunalisahau jambo hili: jina ulilolitunga sebuleni halibaki sebuleni, linatoka na begi la shule.

Pili akaniuliza, "Kwani shangazi, bibi alikuwa hajui kupika?"

Nikamuuliza bibi yupi.

"Mama yenu. Si mimi ndiye mama? Sasa Mama Bokoboko ni nani?"

Niliweka ungo chini. Mama yetu ndiye aliyekuwa akiitwa kusimamia wali wa misiba mtaa mzima. Mtoto huyu hakuwahi kumwona, lakini alikuwa amelibeba jina lake miaka 12 kama mtu anayebeba kitu cha thamani cha mwenyewe, na baba yake alikuwa amekifungia mkia bila kujua.

Cha tatu alikisema akiwa ameinama kwenye mchele, na ndicho kilichonifungulia kisa kizima. "Nikicheka anaendelea. Nikinuna anasema sina utani. Nikimrudishia ananifukuza."

Kosa lilikuwa wapi

Nilisikia maelezo mawili rahisi siku zile, na yote nayakataa. La kwanza lilitoka kwa jirani wa kike: binti anakaribia kuvunja ungo, umri huo huwa na hasira za bure. Umri una mchango wake, sikatai. Mtoto wa miaka 12 huona aibu mbele ya watu kuliko wa miaka 6. Lakini mtoto yule yule, mwezi ule ule, alikuwa akitaniana na bibi yake kuhusu waume na meno, bila hasira.

La pili ni la nyani na mabua. Baba mdogo alimaanisha kwamba mzazi akichekeana na mtoto, heshima huvunjika na sahani tano ndiyo mavuno yake. Nyani wa methali ile ni mwizi wa shambani. Mtoto ndiye shamba lenyewe, na sijaona shamba lililoharibika kwa mkulima kulichekea. Zaidi ya hapo, siku nne za shikamoo zisizo na uhai zilikuwa zimenionyesha heshima bila kicheko inavyofanana.

Pamoja na hayo, baba mdogo alikuwa ameshika ncha ya jambo la kweli. Kwa makabila yetu mengi utani huruka kizazi. Bibi na babu hutaniana na wajukuu; baba na mama hukaa upande wa heshima. Baba yangu hakuwahi kunitania hata siku moja, na sikumdai, kwa sababu nilikuwa na bibi. Leo familia iko Tabata, bibi yuko Kisarawe, mzazi anafanya kazi zote mbili. Mdogo wangu anakaa sakafuni na watoto wake, anawabeba mgongoni, anawaigizia sauti za matraffiki wa barabarani. Baba yetu hakufanya hayo, na mimi nafurahi kuona mwanawe anayafanya. Ila alichukua mdomo wa babu akabaki na kiti cha baba. Bibi akirushiwa meno yake hana kiti cha kupanda, anacheka tu. Mdogo wangu aliporushiwa sahani tano, alikumbuka kiti.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa utani mtu anaruhusiwa na mila, na mahali pengine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake analazimika kutokasirika. Alitaja pia aina ambayo mmoja hutania na mwingine hupokea tu. Watani wa kwetu wanalijua sharti la kutokasirika bila kulisoma popote, na anayekasirika analipa faini. Hiyo aina ya mmoja kupokea tu, kwa maoni yangu, haifai kumwekea mtoto ndani ya nyumba anamolala. Mtu mzima anaweza kuondoka barazani. Mtoto ataondokea wapi?

Kuna na upande wa kazi. Mama yetu alipofariki akiwa kwa mdogo wangu, watani wa Kizaramo walitufanyia vituko makaburini. Mmoja alikaa ukingoni mwa kaburi akagoma kutoka, akasema huyu Mnyamwezi hawezi kulala ardhi ya Wazaramo bila kulipa ushuru, na sisi tukacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini mtu yule ndiye aliyekuwa amechimba tangu alfajiri. Nilimpa elfu mbili yake nikaona viganja vimechubuka. Mtani ana ruhusa ya kukucheka kwa sababu mzigo wako ameshautia begani. Sasa kuhusu wali wa binti, mdogo wangu alikuwa amebeba nini? Tangu Septemba hakuwa ameingia jikoni hata kumshikia mwiko.

Jambo la mwisho ni macho. Mtoto yule wa miezi kumi alikuwa na mchezo wake: anamnyooshea baba kipande cha mkate, baba akiinama kukipokea, anakirudisha haraka kifuani na kumkodolea macho, akisubiri. Baba akijifanya kulia, kicheko chake kinasikika mpaka kwa jirani. Mtafiti Vasudevi Reddy wa Uingereza ameonyesha kwamba watoto huanza kutania hivi wakiwa na umri wa miezi tisa hivi, kabla ya kujua kusema. Mwaka 2024 watafiti wengine walieleza jinsi sokwe, bonobo, gorila na orangutani wanavyochokozana kwa mchezo, na dalili mojawapo waliyoitazama ni kwamba mchokozi humwangalia mwenzake usoni kuona atafanyaje. Utani wenye uzima huangalia uso wa anayetaniwa. Jioni ya tarehe 5 macho ya mdogo wangu yalikuwa kwa wageni. Angemtazama binti angeona alivyolishika lile sinia.

Faini

Nilizungumza naye usiku, barazani, wifi akiwa zamu.

"Dada, mimi nilikuwa namtania tu."

"Najua. Na yeye alikuwa anakutania tu."

Akanyamaza. Halafu, "Lakini mbele ya watu, dada."

"Wewe ulimwita mbele ya nani?"

Nilipomweleza habari ya jina la mama alifunika uso kwa mikono. Alikuwa hajalifikiria kabisa. Namfahamu tangu anatambaa, na naamini hivyo bila shaka yoyote: hakuwa na nia ya kumdhihaki mwanawe. Alitaka nyumba icheke, na jina lile lilikuwa njia fupi.

Akauliza afanye nini. Nilimwambia kesi hii ni ya utani, tuimalize kwa sheria ya utani: aliyekasirika ni yeye, baba, kwa hiyo yeye ndiye anayelipa. Akauliza kiasi gani. Nikamwambia mwenye kesi yuko ndani amelala.

Kesho yake alimwendea binti mwenyewe. Mimi sikuwepo chumbani, ninachojua ni matokeo. Jina lilifutwa. Kijana aliambiwa na baba, bila kugombezwa, kwamba kosa la jina lile lilikuwa la baba na si lake. Na faini aliyotoza binti ilikuwa hii: Jumamosi baba apike wali wa nazi peke yake, kuanzia kukuna, na mtu yeyote asimsaidie. Kuwaita wale majirani wawili waje kula lilikuwa wazo la mdogo wangu mwenyewe, na ndilo lililonigusa zaidi.

Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi mbili, akakwangua na kifundo cha kidole. Aliacha moto mkali mno. Wali ulitoka mbichi juu, na chini ukoko mweusi wa unene wa chapati. Kijana alifurahia ukoko. Majirani walikula wakicheka, mdogo wangu akacheka nao. Binti alikula sahani yake yote, akanawa, akasema, "Ahsante baba," akaenda kuosha vyombo. Hakucheka.

Nilivunjika moyo siku ile, nakiri. Nilidhani Jumamosi moja ingetosha. Wiki sita zilizofuata zilikuwa ngumu kwa namna nyingine: mdogo wangu aliogopa kutania kabisa, akawa anaongea na binti kama anaongea na mwenye nyumba. Ni wifi aliyemshtua. "Mpagazi," alimwambia, "umefiwa? Mtoto atadhani umemnunia." Polepole akaanza tena, lakini kwa kujiweka yeye upande wa kutaniwa. Simba ikicheza vibaya alikwenda mwenyewe mlangoni mwa binti kuuliza, "Leo mnatusemaje?" Mwanzoni binti alisema hasemi kitu. Baadaye akawa anasema kidogo. Shuleni wasichana wawili waliendelea na lile jina mpaka mwaka mpya wa masomo ulipoanza Januari. Hilo faini ya nyumbani haikuweza kulifikia.

Wiki ya mwisho kabla sijarudi Tabora nilikuwa nafunga mizigo chumbani. Mdogo wangu alikuwa barazani anabadilisha betri ya rimoti. Kutoka uani, penye jiko, nikasikia sauti ya binti, kubwa, ya kuita mtu aliye mbali:

"Baba Ukoko!"

Rimoti iliwekwa chini.

"Naam, mama."

"Njoo uonje chumvi."